Umepoteza funguo zote za gari lenye imobilaiza ukiwa Tanga: fanya hivi

Kwanza, gari lisitoke lilipo. Fundi wa funguo anakuja na mashine zake na kazi yote inafanyika gari likiwa limeegeshwa. Ukiliita gari la kuvuta unaongeza gharama na hatari pamoja: bila ufunguo usukani umejifunga, na gari la otomatiki likiwa kwenye P magurudumu yanayoendeshwa na injini hayazunguki. Kulikokota hivyo ni kuiua giaboksi. Likilazimika kuondoka, libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yasiguse chini.

Pili, hakikisha kama kweli lina imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo uliosajiliwa. Magari mengi ya Tanga yameagizwa Japani yakiwa yametumika, na baadhi ya IST na Vitz za miaka ya mwanzo ya 2000 hayana kitu hicho. Kwa hayo, kuchonga ufunguo kunatosha na habari imeisha. Lenye imobilaiza huwa na taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, aghalabu yenye mchoro wa gari na ufunguo, inayopepesa gari likiwa limezimwa. Angalia vizuri usije ukaichanganya na taa ya king'ora kilichofungwa na fundi baadaye.

Ufahamu mfumo wenyewe, maana ndio unaokulinda usidanganywe. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kwenye swichi ya kuwashia kuna pete ya waya. Ukiingiza ufunguo, pete inairushia chipu nishati, chipu inajibu kwa namba yake, na kisanduku cha imobilaiza kinailinganisha na namba zilizomo kwenye kumbukumbu yake. Isipofanana, nozeli hazipewi amri ya kumwaga mafuta. Ndiyo maana ufunguo uliochongwa vizuri lakini hauna chipu unafungua mlango na kwenye Toyota nyingi starta inazunguka, ila injini haiwaki. Remoti ya kufungia milango ni jambo jingine kabisa, hata kama imo ndani ya kichwa kilekile.

Je, kweli umepoteza zote? Kama umebaki na ufunguo mmoja wa Toyota ya zamani kidogo, uliza kama ni ufunguo mkuu au ni ule wa ziada, wa kumwachia mwegeshaji. Ule wa ziada unawasha gari lakini hauwezi kusajili mwenzake, hivyo kwa fundi ni kama zote zimepotea. Na kama ufunguo ulizama baharini Raskazone au Pangani ukapatikana, usiutupe. Toa betri ya remoti mara moja, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ili chumvi ya bahari itoke, futa kwa spiriti, uanike kivulini siku nzima. Remoti inaweza kufa, lakini chipu mara nyingi imefunikwa kwa kioo au plastiki ngumu na hupona.

Andaa kadi ya gari, kitambulisho chako na taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, weka na mkataba wa mauziano. Fundi asiyeuliza chochote kati ya hivi muache. Asiyekuuliza wewe hatamuuliza mwizi.

Unapopiga simu, taja aina ya gari, mwaka, namba ya chasisi iliyo kwenye kadi, na kama ni ufunguo wa kuzungusha au wa kubonyeza kitufe. Kama una picha ya ufunguo wa zamani, tazama shingo ya chuma: kwenye Toyota herufi G au H iliyogongwa hapo inaonyesha aina ya chipu. Usidharau maelezo haya. Fundi mwenye mashine ya gari lako akilazimika kutoka Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na akifika na chipu isiyolingana atarudi alikotoka kwa nauli yako. Remoti nayo ina masafa yake: za magari ya soko la Japani hutumia takriban megahezi 312 hadi 315, za Ulaya 433. Ya 433 haitazungumza na gari la Japani hata ikifanana kwa sura.

Kubalianeni bei kwa mafungu: kuchonga, chipu, kuprogramu (kuisajili chipu kwenye gari), usafiri.

Kuchonga kunaanzia kwenye kitasa cha mlango. Fundi anasoma mikato kwa kifaa maalumu, au anakitoa kitasa na kukipima. Baadhi ya magari yana namba ya ufunguo iliyogongwa juu ya kitasa chenyewe. Hapa pwani chumvi hula vitasa, hasa cha upande wa abiria ambacho hakiguswi miaka. Apulize dawa ya kulegeza kutu na kusubiri. Akilazimisha atasoma mikato isiyo sahihi. Usikubali swichi ya kuwashia itobolewe kwa drili kama hatua ya kwanza. Ikitobolewa, unanunua swichi nyingine, kisha unatembea na funguo mbili, wa mlango na wa kuwashia.

Kisha betri. Kuprogramu huacha swichi ikiwa imewashwa kwa muda mrefu. Toyota nyingi zikiwekwa upya kupitia soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani zinasubirisha dakika 16 kamili. Umeme ukishuka katikati, kazi inaharibika na kumbukumbu ya kisanduku inaweza kuvurugika. Pima kwanza: chini ya volti 12, funga chaja au uunganishe betri ya gari jingine kabla ya kuanza.

Toyota za zamani zaidi hazikubali njia hiyo. Kisanduku kinafunguliwa, chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane inasomwa, data inabadilishwa na kurudishwa. Msisitize fundi ahifadhi nakala ya data ya awali kabla hajaandika chochote, kwa sababu bila nakala kosa dogo halina marejeo. Nissan nyingi zinadai namba ya siri ya tarakimu 4, ambayo fundi huipata kutokana na namba iliyo kwenye kisanduku cha umeme wa bodi.

Kuna atakayekushauri aifiche chipu iliyosajiliwa karibu na pete, chini ya usukani, ili ufunguo wowote uliochongwa uwashe. Kataa. Hapo imobilaiza yako imekufa, na mnunuzi wa kesho hatajua.

Sajili funguo mbili siku hiyohiyo. Kuongeza wa pili mfumo ukiwa wazi ni kazi ya dakika chache. Ukingoja mpaka upoteze tena, unaanza yote upya. Kama funguo ziliibwa, mwambie fundi afute namba zote za zamani. Kuongeza tu hakufuti. Hata zikifutwa, chuma kilichoibwa bado kinafungua mlango, kwa hiyo kama kiliondoka pamoja na kadi yenye anwani yako, badilisha na vitasa.

Kabla hujalipa, jaribu kila ufunguo peke yake, mwingine ukiwa mbali, kwani chipu mbili zikiwa karibu na pete huingiliana. Washa, subiri nusu dakika, zima, rudia. Taa nyekundu izimike unapoingiza ufunguo. Ikiendelea kupepesa, chipu haijatambuliwa.