Gonga, Angusha, Kisha Simika: Kuitunza Dari ya Mgodi wa Chini ya Ardhi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kusaidia kikundi cha wachimbaji wadogo wa upande wa Tiira, wilayani Busia nchini Uganda, ambao dari za krosi zao, yaani njia za mlalo chini ya ardhi, zilikuwa zikidondosha mawe karibu kila siku. Matimba, yaani miti ya kuegemeza dari, walikuwa nayo, tena ya kutosha. Kilichokosekana ni utaratibu, kwa sababu walikuwa wakisimika mti chini ya jiwe ambalo lilipaswa kuangushwa kwanza, kisha wakifanya kazi chini yake kwa kuuamini ule mti.

Ni vizuri kuelewa tangu mwanzo tunapambana na nini. Kila mita moja ya mwamba ulio juu yako huongeza mgandamizo wa takriban megapaskali 0.027, kwa hiyo ukiwa mita 40 chini ya ardhi mgandamizo huo ni kama megapaskali 1.1 tu, kiasi ambacho jiwe gumu na zima hulibeba bila kuhangaika. Katika kina hicho mwamba mgumu kwa kawaida hausagiki kwa uzito wa mlima; kinachoanguka ni vipande vilivyokwisha kukatwa na nyufa za asili, ambavyo vinangoja tu mtu atoe jiwe lililokuwa likivizuia. Gamba, yaani bamba la jiwe lililobanduka, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 30 lina uzito wa karibu tani 1.6, na helmeti haikutengenezwa kwa ajili ya kitu kama hicho.

Hatua ya kwanza: chora unachokiona

Chukua daftari, futi kamba na dira, uchore kila njia na upana wake, kila nguzo ya mwamba iliyoachwa, na mahali ambapo maji yanadondoka. Tia alama mahali ambapo njia mbili zinakutana, kwa sababu pale dari huwa pana kuliko mahali pengine popote na ndipo huanza kuanguka. Kama kuna mashimo ya zamani jirani, yachore hata kama unayakisia, na kabla ya kuchimba kuyaelekea uliza Kurugenzi ya Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe kama ina ramani ya eneo hilo.

Hatua ya pili: gonga dari na uangushe kilicholegea

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu hupita haraka kuliko pote.

Kifaa ni mtalimbo wa chuma ulionyooka, wenye ncha bapa upande mmoja, na uwe mrefu kiasi kwamba jiwe likidondoka halikufikii ulipo. Kwa dari ya mita 2, mtalimbo wa mita 1.8 hadi 2.4 unatosha. Nyundo siikubali kabisa kwa kazi ya kuangusha, kwa kuwa inamlazimisha mtu kusimama chini ya jiwe lile lile analolijaribu. Wapo wanaotumia kipande cha bomba la maji kwa kuwa ni chepesi, lakini bomba hujipinda siku unapohitaji nguvu, tena mlio wake hulichanganya sikio.

Zima pampu na kompresa kwanza. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mwenye mgodi hatapenda: maji yatapanda kidogo na kazi itasimama. Hata hivyo, kugonga dari huku pampu inanguruma ni sawa na kutogonga. Waingie watu wawili tu, mmoja akiwa na mtalimbo, mwingine nyuma yake kidogo akishika taa na kuangalia dari, bila kuzungumza. Anzeni mahali mlipokwisha kuhakikisha kuwa pazima, mwende mkielekea msipopajua, wala si kinyume chake. Na njia ya kurudi nyuma isiwe na ndoo, kamba wala kifusi. Mahali penye mteremko, simama upande wa juu, kwa sababu jiwe likianguka huteremka.

Gonga kwa nguvu za wastani, kila baada ya hatua ndogo, ukishuka pia kwenye kuta. Mwamba mzima hutoa mlio mkali, mtalimbo ukakurukia mkononi. Gamba lililoachana na mwamba hulia kama ngoma, na mtalimbo hauruki. Dari ikiwa fupi, weka ncha za vidole vya mkono mmoja juu ya jiwe huku ukiligonga taratibu kwa mkono mwingine: gamba lililolegea hutetemeka chini ya vidole hata pale ambapo sikio halijasikia kitu. Mtalimbo ushike ubavuni mwako, kamwe usiuelekeze tumboni, na uuinamishe ili jiwe linaloteleza juu yake lisije mikononi. Tafuta ufa, ingiza ncha, chokonoa kidogo kidogo. Baada ya kila jiwe kuanguka, gonga tena pale pale na pembeni yake, maana ulichokiondoa huenda ndicho kilikuwa kikishikilia jirani yake. Wachimbaji wengi huliangusha jiwe moja kubwa, wakafurahi, wakaacha la pili likining'inia.

Sasa nije kwenye mambo yanayomdanganya mgongaji, ambayo ndiyo yaliyotula muda mrefu zaidi pale Tiira.

La kwanza ni gamba nene. Likifikia kama nusu mita au zaidi, hulia vizuri kabisa kama mwamba mzima, kwa sababu pigo la mtalimbo haliwezi kulitikisa. Hapo sikio limefika mwisho, na lazima macho yafanye kazi: tafuta nyufa mbili au tatu zinazoelekeana na kukutana juu ya dari, kwa sababu kipande kilichomo kati yake kina umbo la kabari iliyogeuzwa na hakina kinachokizuia. Ukiona nyuso za ufa zimelainika na kung'aa, au zina utando wa udongo mwembamba unaoteleza ukiuloanisha, chukulia kwamba hakuna msuguano wowote pale.

La pili ni mshipa wa kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama kioo. Kwatzi ni ngumu na hulia kwa sauti ya kupendeza hata ikiwa imevunjika vipande ambavyo vimeshikana kwa kubanana tu. Gonga mpaka wa mshipa na mwamba ulioubeba, siyo katikati ya mshipa pekee.

La tatu ni mwamba uliooza. Huku Busia mita nyingi za juu ni jiwe lililogeuka karibu udongo mwekundu, na hilo hutoa mlio mfu kila mahali, zuri na baya. Usipoteze muda kugonga huko. Chukulia kwamba yote ni mabovu, na usimike matimba yaliyokaribiana yenye mbao au fito nyuma yake tangu mdomo wa shimo hadi utakapoingia mita kadhaa ndani ya jiwe gumu.

La nne ni maji. Dari iliyokuwa kavu jana ikianza kudondosha matone leo, ufa umefunguka au mvua imefika, na mlio wa asubuhi hauaminiki tena jioni. Kwa hiyo katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, tunagonga mwanzo wa zamu na katikati yake. Hugongwa pia kila baada ya kulipua, baada ya mgodi kufungwa kwa muda, na baada ya tetemeko, jambo ambalo wenzetu wa Kasese na milima ya Rwenzori wanalijua vizuri kuliko sisi.

Jiwe likilia vibaya na likakataa kushuka, usiliache na kuendelea. Lizungushie alama ya chokaa, fungia watu njia, ulitobolee uliangushe kwa utaratibu, au ulishikilie kwa matimba ukiwa umesimama chini ya dari nzima.

Hatua ya tatu: usizile nguzo za mwamba

Nguzo mliyoiacha ina dhahabu, na kila mtu analijua hilo. Hesabu ni hii: nguzo za mita 2 kwa 2 zenye nafasi ya mita 2 kati yake hubeba kila moja eneo la mita za mraba 16 kwa mita za mraba 4 za jiwe, yaani mara nne ya mgandamizo wa kawaida. Mkizipunguza hadi mita 1.5 kwa 1.5, kila moja sasa inabeba mara saba na zaidi, na wakati huo huo imekuwa nyembamba kwa urefu ule ule, hivyo nguvu yake nayo imepungua. Nguzo inayolemewa huanza kubanduka magamba pembeni na kubaki na kiuno chembamba katikati. Ukikiona kiuno hicho, usiiguse tena, wala usichukue hata kile kifusi kilichodondoka pembeni yake, kwani bado kinaisaidia.

Hatua ya nne: simika matimba

Natumia mikaratusi, na sioni sababu ya kutafuta mti mwingine katika nchi ambayo umepandwa kila kona. Uwe umenyooka, umebanduliwa gome, usiwe na mpasuko wa kuzunguka. Wapo wanaopendelea mabomba ya chuma; mimi napendelea mti, kwa sababu mti ukilemewa hulia na kuchanika nyuzi kabla ya kuvunjika, ukawapa watu nafasi ya kutoka, ilhali bomba jembamba hujikunja ghafla.

Unene una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mti mrefu huharibika kwa kupinda, na uwezo wake wa kustahimili kupinda hukua kwa kipenyo kikiwa kimezidishwa mara nne chenyewe kwa chenyewe, na hupungua kwa mraba wa urefu. Kutoka kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 unapata nguvu mara tano. Ukiurefusha mti maradufu unabaki na robo. Kanuni yangu ni sentimita moja ya kipenyo kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo mti wa mita 1.8 uwe na sentimita 15.

Chimbia kitako cha mti katika mwamba wa chini, usiuweke juu ya kifusi. Juu weka ubao mpana wa mti laini kuliko timba lenyewe, kisha kabari mbili zinazokabiliana, zikigongwa kwa zamu mpaka mti ukipigwa nyundo utoe mlio mkavu. Mti unaotikisika kwa mkono haujabeba kitu, nao utaanza kubeba baada ya dari kushuka, yaani baada ya kuchelewa.

Mshipa ukiwa umelala kwa mteremko, usisimike mti wima. Uweke karibu na pembe mraba na kuta zote mbili, kisha kichwa chake ukivute kidogo, digrii kama 5, kuelekea juu ya mteremko. Ukuta wa juu ukianza kuteleza kwenda chini utauzungusha mti kuelekea pembe mraba na kuukaza. Kichwa kikielekea chini, mwendo ule ule utauangusha.

Hatua ya tano: boliti, kama mna uwezo

Boliti ni chuma kinachoingizwa katika tundu la mwamba ili kuushikilia. Ile ya bomba lililopasuliwa kwa urefu hushika kwa sababu imeingizwa kwa nguvu katika tundu jembamba kuliko yenyewe. Ncha ya drili iliyolika au iliyo pana kupita kiasi inabadilisha kila kitu. Nafasi kati ya boliti isizidi nusu ya urefu wake. Mahali penye pairaiti, madini ya chuma na salfa, kama katika shaba ya Kilembe, maji hugeuka kuwa na asidi na kuila boliti polepole bila mtu kuona, kwa hiyo vuta chache kwa majaribio mara kwa mara. Migodi mikubwa huchagua urefu na idadi kwa mfumo wa Q, njia ya kuupa mwamba alama ya ubora, uliotolewa na Barton, Lien na Lunde wa Norwei mwaka 1974. Kwa mgodi wa watu ishirini, mhandisi wa siku moja anatosha.

Hatua ya sita: pima mwendo

Paka saruji juu ya ufa unaokutia shaka, andika tarehe, na utazame kila zamu kama imekatika. Ndani ya ufa mwingine bana kabari ndogo ya mti. Ikidondoka yenyewe, ufa umepanuka. Kwa njia kuu, gonga msumari darini na mwingine sakafuni, upime umbali kati yake kila asubuhi kwa kifaa kile kile, mtu yule yule, na aandike milimita daftarini. Kinachotisha ni kasi. Milimita 1 kwa wiki, wiki baada ya wiki, unaweza kuiongezea matimba. Milimita 1, kisha 2, kisha 5 katika siku zinazofuatana ni amri ya kutoka, hata kama dari inaonekana nzuri na mshipa umenona.

Siku hiyo watu watoke na zana za mkononi tu. Matimba yaachwe yalivyo, kwa sababu kung'oa mti chini ya dari inayotembea ili ukautumie kwingine ndiyo njia ya haraka ya kuiangusha. Funga mlango wa krosi kwa magogo mawili yaliyopishana, andika tarehe juu yake, na uendelee kupima ukiwa upande wa nje, mpaka namba zisimame kwa siku kadhaa. Kisha rudi hatua ya pili, na uanze kugonga tena kutoka mahali pazima.