Somo: Kumtafuta babu wa Kiskoti kwa kumbukumbu za maziko na za jeshi

Naandika mara moja, kisha nitakuwa nawaelekeza hapa. Wiki hii pekee watu wanne wamenifuata pembeni na swali lile lile: "Babu wa watoto wangu alikuwa Mskoti, tena askari, nianzie wapi?" Mimi mzaliwa wa Tanga, makazi Dundee, Uskoti. Nilianza na ukoo wa mume wangu, maana wanangu upande wa kwetu wanautaja mpaka kizazi cha sita, na wa baba yao walikuwa wanakwama kwa babu.

1. Waulize wazee walio hai. Majina, kijiji, kanisa, kazi. Andika siku hiyo hiyo.

2. Anza na vyeti. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima tarehe 1 Januari 1855, na vyote viko kwenye tovuti ya serikali, ScotlandsPeople. Kutafuta jina ni bure, kufungua picha ya cheti ni kwa malipo. Tafuta kwanza cheti cha kifo. Cha Kiskoti hutaja baba wa marehemu, na mama pamoja na jina la kwao. Cha England cha miaka hiyo hakikupi hayo. Vya 1855 hadi 1860 hutaja hata mahali alipozikwa. Na mwanamke wa Kiskoti aliolewa akabaki na jina la kwao kwenye hati, kama binti Fulani wa pwani anavyobaki binti Fulani. Ukiliona kwenye jiwe, usidhani hakuwa na mume.

3. Kabla ya 1855 unategemea rejista za parokia. Kongwe kabisa ni ya 1553, lakini parokia nyingi zilianza baadaye sana, na maziko ndiyo yaliyoandikwa kwa uvivu kuliko yote. Mara nyingi hukuti neno "alizikwa". Unakuta pesa zilizolipwa kukodi guo la kanisa la kufunikia jeneza; kwenye rejista litaandikwa "mortcloth". Hiyo ndiyo kumbukumbu yako ya kifo, usiipite.

4. Jiwe la kaburi. Lipige picha lote, mbele na nyuma, pamoja na mawe ya jirani, maana ndugu walizikwa karibu karibu. Usilisugue wala kulipaka chaki. Halafu kumbuka mambo mawili. Waliozikwa bila jiwe ni wengi kuliko wenye jiwe: makaburi ya Necropolis, mjini Glasgow, yana maziko kama 50,000 na mawe kama 3,500 tu. Pia aliyetajwa kwenye jiwe si lazima awe chini yake. Waskoti waliwaandika hapo wana wao waliofia mbali, baharini au vitani.

5. Jeshi. Someni hapa taratibu, kwa sababu hapa nilipoteza miezi minane.

Kaka wa babu wa mume wangu alikuwa Black Watch, kikosi cha Waskoti, batalioni ya 4, ile ya watu wa Dundee iliyoumizwa vibaya vitani Loos, Ufaransa, tarehe 25 Septemba 1915. Mpaka leo kila tarehe hiyo taa huwashwa kwenye mnara wa kilima cha Law, naiona kutoka dirishani kwangu. Nishani yake ina namba ya tarakimu nne. Kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita nikakuta jina lile lile, kikosi kile kile, namba ya tarakimu sita, amekufa Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917. Nikasema huyu mwingine. Nikamwacha, nikaanza kumtafuta "wetu" kwenye makaburi ya Ufaransa na kwenye orodha za waliorudi. Hakuwepo popote. Kumbe mwaka 1917 askari wa akiba wa eneo, yaani Territorial, walipewa namba mpya za tarakimu sita. Ni mtu mmoja. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake liko kwenye lango la Menin, ukumbusho wa wasio na kaburi, mjini Ypres, Ubelgiji. Mama mkwe alikuwa mgonjwa miezi ile, na alifariki kabla sijamwambia ami yake yuko wapi. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo: namba tofauti si mtu tofauti. Namba sawa nayo si mtu yule yule, kwani kabla ya 1920 kila kikosi kilitoa namba zake chenyewe. Fungua kadi ya nishani, ile ambayo jeshi liliandikia nishani za kila askari; mara nyingi namba zote mbili zimo. Jina la Highlanders, yaani watu wa milimani, kwenye kikosi si ushahidi kwamba askari ni mtu wa milimani. Waliingia Waayalandi na watu wa England pia. Na usikate tamaa faili likikosekana: zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida wa vita ya kwanza ya dunia yaliteketea kwa mabomu London, Septemba 1940. Kwa askari wa zamani zaidi, tafuta hati za kuachishwa jeshi za wastaafu wa Chelsea, yaani askari waliolipwa pensheni na hospitali ya kifalme ya Chelsea, 1760 hadi 1913, zilizoko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Nyingi hutaja parokia aliyozaliwa, na hapo unarudi hatua ya 3.

MASWALI

Mjukuu wa Lushoto: Nimepitia haraka. Babu ni John MacDonald, alikuwa jeshini. Nitafutie basi.

Jibu: Hapana. Akina John MacDonald ni maelfu. Anza hatua ya 1, rudi na mwaka, parokia na jina la mama yake.

Bi Zuwena: Dada, shikamoo na pole kwa mama mkwe. Nimekuta baba amelipia guo la mkewe 1824. Mtoto wao anayesemekana kufa miaka hiyo simwoni. Inawezekana hakufa?

Jibu: Marahaba bibie, ahsante. Swali zuri sana. Watoto wachanga mara nyingi walizikwa bila guo, kwa hiyo hakuna malipo ya kuandika. Angalia ubatizo wa wadogo zake. Waskoti walirudia jina la mtoto aliyefariki kwa anayezaliwa baadaye. Tena wengi walifuata utaratibu: mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ukiona jina limerudi, huenda umepata jibu. Pitia pia vitabu vya baraza la kanisa. Maskini aliyezikwa kwa pesa za kanisa utamkuta humo.

Kapteni: Mskoti anatafutwa Edinburgh. Kew ya nini? Unapoteza watu.

Jibu: Sipotezi mtu. Tangu Uskoti na England ziungane 1707 jeshi ni moja, na mafaili yake yako Kew. Edinburgh kuna wosia za askari, kama 26,000 za vita ya kwanza tu, nyingi za askari wa kawaida, zinapatikana ScotlandsPeople. Na ngome ya Edinburgh ina ukumbusho uliofunguliwa 1927, wenye vitabu vya majina ya waliokufa.

Asha T: Nina namba mbili tofauti, ni watu wawili?

Jibu: Hatua ya 5. Isome yote.

Otieno: Upande wa mama nina Mskoti, upande wa baba babu alibeba mizigo vita hiyo hiyo, huku kwetu. Njia ni moja?

Jibu: Laiti ingekuwa. Mskoti ana jina ukutani. Wapagazi wengi hawakuandikwa kwa majina, na Tume yenyewe ilikiri hivyo 2021. Tuna sanamu za askari Dar, Nairobi na Mombasa, na tuna Kariakoo, jina lililotoka kwa kikosi chao, Carrier Corps. Warekodi wazee wenu sasa hivi: kijiji, chifu wa wakati ule, nani alirudi. Ukishapata hayo nifuate pembeni, tutatafuta pamoja.

Bi Zuwena: Limerudi! Margaret wa 1819, na Margaret mwingine 1823.

Jibu: Basi wa kwanza huenda alifariki katikati hapo. Umeshapata picha ya jiwe la mama yao?

Bi Zuwena: Ninayo, maandishi hayasomeki.

Jibu: Muombe aliye karibu arudi jioni na tochi, alimulike jiwe kutoka ubavuni, si mbele. Herufi zitatokeza kwa vivuli vyake.