Kuvua changu kwa mshipi wakati wa tanga mbili

Kusi imelegea na kaskazi bado haijashika. Wiki hizi za Oktoba na Novemba bahari ya huku Bagamoyo inalala alfajiri, maji yana joto, na hata mwenye kimtumbwi kidogo anafika mwambani bila kuchota maji. Wengi mmeniuliza mnunue ndoana gani ya changu, yule samaki wa mwambani. Mimi naanza na mwezi, maana nimeona watu wenye mishipi ya bei kali wakirudi na kikapu kikavu kwa sababu walitoka siku mbaya.

Hatua ya kwanza: hesabu mwezi. Bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hupanda na kushuka karibu mita 4, nayo hukimbia. Hizo ni siku za watu wa pweza, kwani mwamba hukauka wakatembea juu yake. Kwa mshipi ni taabu tupu: chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, haitulii, chambo kinapeperuka juu ya vichwa vya samaki. Ngoja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana: mwezi 7 hadi 10, au 22 hadi 25, yaani siku ulizohesabu tangu mwezi kuandama. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi 8 yanajaa karibu saa 4 asubuhi. Ukisukuma chombo saa 11 alfajiri unayakuta yanaingia, na una saa tatu nzuri za kuvua. Yakisimama, kula muhogo wako. Changu naye hupumzika.

Hatua ya pili: zana. Mshipi wa nailoni, chubwi mwishoni, na juu yake vigwe viwili vifupi vyenye ndoana ndogo, upana wa kucha ya kidole cha mwisho. Changu ana mdomo mdogo. Chambo ninachotumia ni ngisi aliyekatwa vipande vyembamba: mgumu, hang'oki upesi. Kamba ni mtamu zaidi, lakini samaki wadogo humla wote kabla mkubwa hajafika.

Hatua ya tatu: mahali. Usitie nanga juu ya matumbawe. Unayavunja, na siku nyingine nanga yenyewe inabaki hukohuko. Tafuta mchanga ulio kati ya majani ya bahari na mwamba. Changu hupita hapo akitafuta kaa na konokono.

Hatua ya nne: mkono. Shusha chubwi mpaka iguse chini, kaza mshipi, ulaze juu ya kidole cha shahada. Kudonoa kwa kwanza usijibu. Ukisikia anavuta kwa uzito, nyanyua mkono mara moja na uendelee kuvuta bila kulegeza. Usizungushe mshipi kiganjani hata mara moja! Nina kovu la mwaka wa kwanza. Kolekole, samaki mwenye nguvu nyingi, alikuja badala ya changu, nikawa sina pa kuuachia.

Hatua ya tano: kurudi. Ni msimu wa vuli. Wingu jeusi likipanda, ng'oa nanga, hata kama wanakula.

Maswali

*Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Jana nilipomtoa tasi kwenye ndoana alinichoma, mkono ukawaka mpaka jioni. Dawa yake nini?*

Marahaba. Miiba ya tasi ina sumu. Tia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nusu saa au zaidi. Ukiona uvimbe unapanda au pumzi inabana, nenda hospitali. Siku nyingine mshike kwa kitambaa kinene.

*Kutoka Shimoni: Naweza kuleta mshipi wangu Kisite?*

Hapana ndugu yangu, Kisite ni hifadhi ya bahari, havuliwi samaki kabisa. Upande wa jirani, Mpunguti, uvuvi wa asili unaruhusiwa, ila pita kwanza kwa maofisa wa hapo.

*Kutoka Kunduchi: Kaka, nimepata samaki anayejivimbisha kama mpira. Nyama yake nyeupe safi. Wenzangu wanasema ukimpika sana sumu inaisha.*

Huyo ni bunju. Sumu yake haifi kwa moto, hata ukimchemsha kutwa. Mtupe, wala usimpe paka.

*Kutoka Mwanza: Sisi wa maji baridi hatuna kupwa wala kujaa. Hesabu yetu ni ipi?*

Kwenu angalia mvua na kingo. Sato dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, kwa hiyo asubuhi mtupie karibu na ukingo, ndoana ndogo yenye mnyoo au tonge la ugali mgumu. Ukivuta jike ukaona mayai mdomoni, mrudishe. Ndiko anakowatunza wanawe. Mvua za kwanza zikichafua maji, hamia kwenye majani yaliyofunikwa na maji karibuni. Kambale huingia humo kutaga, na huko utapata zaidi jioni kuliko mchana.

*Kutoka Bagamoyo: Mwalimu, leo mwezi ngapi?*

Sita. Kata ngisi kesho jioni, kesho kutwa tukutane ufukweni.