Skauti wa maji Moshi: namna ya kuanzisha kundi mbali na bahari

Viongozi wenzangu wa Moshi, Hai, Mwanga, na ninyi wa Arusha, nawasalimu. Somo la leo ni refu kidogo, mnivumilie. Wengi mmeuliza kama inawezekana kuwa na skauti wa maji huku kwetu, ambako mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuiona bahari. Inawezekana. Kambi ya kwanza ya skauti, ile ya mwanzilishi wetu Baden-Powell ya Agosti 1907, ilifanyika katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na mwaka 1909 akapiga kambi nyingine ambayo sehemu yake ilikuwa mafunzo ya melini. Kaka yake Warington, aliyejifunza ubaharia tangu ujana, ndiye aliyemsaidia kuweka msingi wa skauti wa maji.

Na maji tunayo. Mto Kikuletwa, unaobeba maji ya Meru na Kilimanjaro, unakutana na Ruvu wa huku kwetu pale Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani Mto Pangani unashuka mpaka Bahari ya Hindi. Tunachopungukiwa ni watoto wanaojua kuogelea. Hatua zangu zinaanzia huko, na naomba asitokee mtu wa kuziruka kwa sababu amepata mashua ya msaada. Mashua ni ya mwisho.

Hatua ya 1: Ruhusa

Mweleze Kamishna wa Skauti wa wilaya kwa maandishi. Kila mzazi atie saini fomu inayotaja maji waziwazi. Neno "matembezi" halitoshi. Mzazi ajue mwanawe anaingia majini, wapi, na nani. Fomu iulize pia kuhusu kifafa, pumu, moyo na masikio.

Hatua ya 2: Kuogelea

Hapa msiwe na haraka. Tafuteni bwawa lenye maji safi na ukingo. Moshi mjini lipo la YMCA, na baadhi ya shule na hoteli huruhusu makundi ukienda kuzungumza nao mapema. Siku za mwanzo mtoto asifundishwe kupiga mikono. Afundishwe kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kisha kuelea chali masikio yakiwa majini, kisha kusimama tena bila kushika mtu. Anayeweza kuelea chali akiwa ametulia, hofu imeshapungua nusu.

Kipimo changu cha kumruhusu mtoto apande chombo ni hiki: aogelee mita 50 akiwa na fulana na kaptula, bila kugusa ukingo, halafu abaki anaelea dakika tano. Nguo ni muhimu, maana hakuna anayeanguka kutoka kwenye mtumbwi akiwa amejiandaa. Asiyefaulu arudi kujifunza, hata kama ni kiongozi wa kikosi na mdogo wake amefaulu. Msimwonee aibu wala huruma.

Kila mtoto awe na mwenzake wa jozi. Filimbi ikilia, jozi zinashikana mikono na kuinua juu, kiongozi anahesabu. Mimi sikubali zaidi ya watoto wanne kwa mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, na pembeni abaki mwingine mkavu ambaye kazi yake ni kutazama tu, simu iko mfukoni. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, anatafuta pumzi, hana pumzi ya kuitia mtu.

Hatua ya 3: Kuokoa bila kuzama wawili

Tunajua habari za ndugu anayeruka kumfuata ndugu, wakapotea wote. Wafundisheni mpangilio mpaka waseme usingizini: ita msaada, nyoosha fimbo, tawi au kanga huku umelala kifudifudi ukingoni, ikishindikana rusha kamba au dumu tupu lililofungwa, ikishindikana endea kwa chombo. Kuruka majini ni kwa mtu mzima aliyefunzwa, tena akiwa na kitu kinachoelea. Fungeni dumu la lita tano lenye maji kidogo ndani, ili liwe na uzito wa kurushika, kwenye kamba ya mita 15, na kila skauti alirushe mpaka liangukie karibu na mwenzake.

Aliyetolewa majini hapumui, huanzi na kifua. Unaanza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha unakandamiza kifua. Msipoteze muda kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mwiteni muuguzi wa zahanati ya jirani awafundishe kwa mikono. Maandishi peke yake hayatoshi.

Hatua ya 4: Jaketi la kujiokolea

Angalieni namba iliyoandikwa ndani. Lenye 50 ni la mtu anayejua kuogelea, karibu na ukingo, msaada ukiwa jirani. Lenye 100 ni la maji yaliyotulia, na la 150 limetengenezwa limgeuze mtu aliyezimia uso uelekee juu. Angalieni pia uzito wa mwili linaoukubali. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa kilo 30, linampanda kichwani na yeye anashuka. Mfungie, kisha mvute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni, halimtoshi. Kwa wadogo tafuteni lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Na jaketi linavaliwa kabla ya kufika kwenye maji, halikaliwi kama mto.

Hatua ya 5: Mashua kwenye nyasi

Hatua hii watoto wanaipenda kuliko mnavyodhani. Uwanjani mnafunza kwanza mafundo matatu: kitanzi kisichojikaza cha kumfungia mtu, fundo la namba nane la kuzuia kamba isichomoke, na fundo la kufungia chombo kwenye nguzo. Wayafunge wamefumba macho, kisha mikono ikiwa imelowa.

Halafu jifunzeni upepo. Chorea mashua kwa chokaa, simika mti uwe mlingoti, tundika shuka liwe tanga, shika kipande cha uzi uone upepo unatoka wapi. Mtoto aelewe mambo mawili. La kwanza: chombo hakiendi moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka, ukitaka kufika huko unabisha, unakwenda upande huu kisha unageuza upande ule. La pili: ukiogopa, achia demani, yaani kamba ya kuvutia tanga. Tanga litapepea bure na chombo kitapunguza mwendo. Skauti anayeachia kamba bila kuambiwa ndiye aliye tayari kwenda majini.

Hatua ya 6: Kuchagua maji

Hapa nitasema ukweli, hata kama utawaudhi wanaopenda picha nzuri. Ziwa Chala ni zuri, lakini ni refu sana kwenda chini, kuta zake ni mwinuko mkali, na mwaka 2002 mwanafunzi Mwingereza aliuawa pale na mamba. Jipe lina viboko na mamba. Nyumba ya Mungu kuna uwazi na upepo wa kutosha tanga, lakini nako kuna mamba na viboko, hivyo usiingize mtoto hata mmoja kabla hujakaa na wavuvi wa eneo lile na kikundi chao cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Wao wanajua ghuba ipi ni salama mwezi upi. Wakisema hapana, rudini nyumbani.

Duluti pale Tengeru, ziwa la volkeno lililozungukwa na msitu wa hifadhi, ndilo nalipendekeza kwa kafi. Lipo karibu na barabara kuu, ni dogo, na mnaliona lote mkiwa ukingoni. Mtalipa kiingilio cha hifadhi na kufuata taratibu za wahifadhi.

Hatua ya 7: Kafi, kisha tanga

Anza na mtumbwi wa watu wawili, umbali wa kurudi kwa kuogelea, asubuhi kabla upepo haujaamka. Siku ya kwanza wapindue mtumbwi kwa makusudi, tena na tena, mpaka wacheke. Sheria ni kubaki na chombo, maana kinaelea na kinaonekana kuliko kichwa cha mtoto. Kuhusu idadi ya abiria, msinibembeleze. MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018 ilikuwa imekaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa kwa sababu chombo kilizidiwa.

Kwa tanga, chombo kinachofundishia watoto duniani ni Optimist, kilichobuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947. Kina urefu wa mita 2.36, uzito wa kilo 35, tanga moja la kama mita za mraba 3.3, na mifuko mitatu ya hewa inayokizuia kuzama. Mtoto anakiendesha peke yake, na ndiyo maana anajifunza haraka. Ukiunda au kununua chombo, waulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi na usajili. Na upepo wa ghafla usidharauliwe: Agosti 1912, karibu na Leysdown, Uingereza, mashua ya skauti wa Walworth ilipinduliwa na upepo wa namna hiyo, wakafa vijana tisa. Ukiona maji ya mbali yamebadilika rangi na kukunjamana, piga filimbi, wote warudi.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Majengo: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 12 na anavaa hijabu. Ataogeleaje?

Marahaba mama. Anaogelea vizuri kabisa. Mtafutie suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa cha nguo za michezo, na kofia ya kuogelea inayofunika nywele na shingo. Kinachokatazwa ni kanga, gauni pana au mtandio unaoning'inia, maana vinanasa miguu na shingo. Tutampangia kiongozi wa kike, na kama mtapenda, muda wa wasichana peke yao.

Kiongozi wa kundi, Tengeru: Kaka, kwa nini Duluti usitumie tanga? Sisi tuko hapo hapo.

Kwa sababu ya kuta na miti. Upepo unapita juu, kisha unadondoka kutoka pande tofauti, mara unakata kabisa. Mtoto anayeanza hawezi kujua kosa ni lake au ni la upepo. Kafi, kuokoa na kupindua mtumbwi, hapo hapana mshindani.

Mwalimu wa msingi, Mwanga: Tunaweza kutumia madumu kama jaketi? Bajeti hatuna.

Hapana, mwalimu. Dumu linafungwa kifuani, mkanda unateleza, mtoto anageuka kifudifudi. Madumu yatumieni kwa maboya ya kuonyesha mipaka, kwa kamba ya kurushia, na kuunda chelezo la mazoezi. Nunueni majaketi manane tu mpokezane kwa zamu. Wanane majini, wengine ukingoni wanafunga mafundo.

Mzazi, Arusha: Kichocho je? Kijana wangu alishawahi kuugua.

Swali zuri sana. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kuingia kupitia ngozi, hasa jua likiwa kali. Kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Epukeni kuingilia penye magugu, ulizeni zahanati ya eneo hilo kama ugonjwa upo, na mtoto apimwe wiki sita mpaka nane baada ya kuingia kwenye maji yenye shaka. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu, ila anaweza kuambukizwa tena. Ndiyo maana nusu ya mafunzo yetu yanabaki bwawani.

Mama wa skauti, Soweto: Mwanangu ana kifafa, ila amekaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Mnamkataa?

Hatumkatai, dada. Alete maoni ya daktari wake, asiache dawa, na asiingie majini siku ambayo hakulala vizuri. Bwawani atakuwa na mtu mzima wake peke yake, anayejua la kufanya: kushikilia kichwa juu ya maji mpaka mshtuko upite, kisha kumtoa. Kwenye chombo atakaa na kiongozi, akiwa na jaketi la 150. Kuendesha Optimist peke yake sitamruhusu, nakwambia mapema ili asije akaumia moyo baadaye.

Rova (skauti kijana wa ngazi ya juu), Himo: Lini tutakwenda baharini?

Waliofaulu hatua zote saba wataangalia likizo ya Desemba, Tanga. Wakati huo unavuma upepo wa kaskazi. Upepo wa kusi wa katikati ya mwaka una nguvu zaidi na haufai kwa wanaoanza. Wewe kama rova, njoo kwanza usaidie kuhesabu jozi bwawani Jumamosi, saa tatu asubuhi. Njoo na filimbi yako.