Kabla ya Kutoka na Maikrofoni ya Kondensa: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Betri na Umeme wa Fantomu

Maikrofoni ya kondensa haitoi sauti bila kulishwa umeme. Studioni hakuna anayelifikiria jambo hilo, kwa kuwa mikisa imechomekwa ukutani na umeme haukatiki katikati ya kazi. Uwandani ni tofauti, kwani kila volti inayoifikia maikrofoni inatoka katika betri ulizobeba mwenyewe. Mambo yafuatayo yashughulikiwe nyumbani, siku moja kabla ya kuondoka, na si wakati wanaorekodiwa wamekwisha kusimama mbele yako wakisubiri ishara.

Kwanza, jua maikrofoni yako inavuta umeme kiasi gani. Umeme huo huitwa wa fantomu, kwa kuwa hupita katika waya ule ule unaobeba sauti. Kiwango chake kinachotumika zaidi, P48, ni volti 48, na kinakubali kushuka hadi 44 au kupanda hadi 52. Kilianza mwaka 1966, pale Neumann walipoitengenezea redio ya taifa ya Norwei maikrofoni zilizotumia volti 48 zilizokuwa tayari studioni kwa ajili ya taa za dharura. Maana yake ni kwamba namba hiyo haikuchaguliwa kwa kumfikiria mtu wa betri, na ndiyo sababu tunahangaika nayo. Umeme huo hupitia rezista (vizuizi vya mkondo) mbili za omu 6,800, moja ikielekea pini ya 2 ya plagi ya maikrofoni yenye pini tatu na nyingine pini ya 3, kisha hurudi kwa pini ya 1. Kila miliampia inayovutwa hupoteza volti 3.4 katika rezista hizo. Kwa hiyo maikrofoni inayovuta miliampia 2 hubakiwa na volti 41 hivi, na ile inayovuta 5 hubakiwa na 31 tu. Kiwango kinaruhusu hadi miliampia 10. Soma karatasi ya maelezo iliyokuja na maikrofoni yako na uandike namba hiyo mahali utakapoiona, kwa sababu maikrofoni mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana mno kwa ulaji.

Pili, piga hesabu ya muda betri itakaodumu. Visanduku vingi vidogo vya umeme wa fantomu vinatumia betri ya volti 9 pamoja na saketi inayoupandisha umeme huo hadi volti 48. Maikrofoni ya miliampia 5 inahitaji wati 0.24; ukiongeza upotevu wa saketi inakuwa wati 0.3 hivi, yaani miliampia 33 kutoka katika betri. Betri nzuri ya alkali ya volti 9 ina takriban miliampia-saa 500 inapotumiwa polepole, kwa hiyo karatasi itakuambia saa 15. Usiiamini karatasi. Kadiri volti za betri zinavyoshuka, ndivyo saketi inavyovuta mkondo mkubwa zaidi ili kuzishikilia zile 48, na mwisho wa betri huja kwa kasi kuliko mwanzo wake. Mimi huigawa hesabu kwa mbili, na nikiwa na maikrofoni mbili katika kisanduku kimoja huigawa kwa mbili tena. Ukitumia betri za kuchaji za umbo hilo hilo, kumbuka kwamba zile za nikeli nyingi hutoa volti 8.4 au hata 7.2, na ujazo wake ni kama miliampia-saa 200. Hizo ni za mazoezi.

Wapo wanaounganisha betri tano za volti 9 kwa mfululizo ili kupata volti 45 bila saketi yoyote ya kupandisha. Njia hii ni tulivu, haina mlio wa saketi, na betri hudumu sana kwa kuwa mkondo unaotoka ni ule ule mdogo unaoliwa na maikrofoni. Lakini volti zake hupungua kidogo kidogo tangu saa ya kwanza, na betri moja mbovu kati ya hizo tano huiangusha safu nzima. Zibadilishe zote tano kwa pamoja, wala usichanganye mpya na kuukuu.

Tatu, na hapa naomba usome polepole: usiipime betri ikiwa imepumzika, wala usiitegemee taa ya kisanduku. Nilikuwapo wakati mwenzetu mmoja, mtu makini katika kazi yake, aliporekodi kwaya ukumbini kwa maikrofoni mbili na kisanduku cha betri. Asubuhi alikuwa ameipima betri kwa mita nayo ikaonyesha zaidi ya volti 8, na taa nyekundu iliwaka vizuri. Mwimbaji kiongozi alianza kwa sauti ya chini, na kila kitu kilisikika safi. Kwaya nzima ilipopokea, sauti ikakwaruza. Akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akapunguza kiwango cha kurekodi. Mshale ukashuka mbali kabisa na alama nyekundu, lakini mkwaruzo ukabaki vile vile, safari hii kwa sauti ndogo. Akashuku nyaya, akazibadilisha. Akashuku spika ya ukumbi, ikazimwa. Muda wote huo waimbaji walikuwa wakirudia wimbo ule ule, na sauti za kwanza za juu zilianza kuchoka. Ilipokuja kubainika kuwa ni betri, wimbo uliokuwa umeimbwa kwa moyo wote mara ya kwanza haukuimbwa tena hivyo.

Kilichotokea kinaeleweka. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri pasipo mzigo, lakini ikianza kuvutwa volti hizo huporomoka, na saketi hushindwa kuzifikisha 48. Taa haijui lolote kuhusu hilo, kwa sababu inahitaji umeme kidogo sana ili iwake. Maikrofoni nayo haizimiki: inaendelea kufanya kazi kwa volti chache, ila uwezo wake wa kubeba sauti kubwa umepungua, kwa hiyo mnong'ono unapita salama na kelele inakatwa vichwa. Na kwa kuwa uharibifu unafanyika ndani ya maikrofoni yenyewe, kupunguza kiwango kwenye rekoda hakusaidii chochote. Hiyo ndiyo dalili ya kukariri: mkwaruzo usioondoka unapopunguza kiwango unatoka kabla ya rekoda, na betri ni mtuhumiwa wa kwanza.

Kipimo chake si kigumu. Chomoa maikrofoni, shusha sauti ya rekoda na hedifoni, kisha pima volti kati ya pini ya 1 na ya 2. Unapaswa kuona kati ya 44 na 52. Halafu igeuze mita iwe ya kupima miliampia, ukihakikisha waya wake umehamishiwa kwenye tundu linalostahili, na uguse pini zile zile kwa sekunde chache. Rezista zinaulinda mkondo usizidi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Katika P48 iliyo nzima utaona takriban miliampia 7. Rudia kwa pini ya 3, kwani namba mbili hizo zinatakiwa zilingane. Kama kisanduku kina njia mbili, acha maikrofoni ya pili ikiwa imechomekwa na inafanya kazi wakati unapima njia ya kwanza, maana huo ndio mzigo halisi wa siku ya kazi. Ukiona 5 au 4, badilisha betri bila kujadiliana nayo.

Yaliyobaki ni mepesi, lakini yasirukwe. Ikiwa rekoda yako ndiyo inayotoa umeme wa fantomu, iambie katika menyu ni betri za aina gani umeweka. Betri za nikeli hutoa volti 1.2 hivi badala ya 1.5, na rekoda iliyodhani ni za alkali itakuonyesha kiwango cha uongo. Ikiwa ina chaguo la volti 24 na maelezo ya maikrofoni yanalikubali, litumie, utaokoa betri. Zima fantomu kwenye njia isiyoihitaji. Chomeka waya kwanza, washa umeme baadaye, na uipe maikrofoni muda itulie kabla ya kuanza. Usibadilishe betri huku unarekodi.

Pawabenki ni msaada mkubwa kwa rekoda, ila ijaribu usiku kucha kabla ya kuitegemea: nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na nyingine huingiza mlio mwembamba katika sauti. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi, si katika mzigo wa chini, na zile za kati ya wati-saa 100 na 160 zinahitaji kibali cha shirika la ndege. Betri za volti 9 zifunikwe vichwa, kwa kuwa sarafu moja au funguo mfukoni zinatosha kuunganisha nguzo zake mbili na kuwasha moto. Kwenye baridi kali weka za akiba karibu na mwili, kwa maana alkali hulegea sana. Za lithiamu zisizochajiwa hustahimili zaidi. Safisha viunganishi kwa kitambaa kikavu. Tia alama ya tarehe kwenye kila betri uliyoifungua, zilizotumika zikae mfuko wake, na ukirudi zitoe zote katika vifaa kabla hazijavuja. Beba waya wa ziada, beba hata mita yenyewe, na usikubali kuharakishwa na mtu yeyote kabla hujasikiliza sauti kubwa kabisa itakayotolewa siku hiyo.