Paka mweupe na jua kali: jinsi ya kumkinga na kansa ya masikio na pua

Kama una paka mweupe, au wa mabaka ila masikio yake meupe na pua ya pinki, hebu mpakate sasa hivi umwangalie masikio vizuri kwenye mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua ni kali mwaka mzima, na paka anapenda kuota jua kuliko kitu chochote, sasa yule ambaye ngozi yake haina melanini ya kumkinga, ileile wanayoikosa watu wenye ualbino, anaungua kidogokidogo miaka na miaka mpaka kansa inaanza. Mara nyingi inajitokeza akishazeeka, miaka 10 hivi kwenda juu, na inapenda penye manyoya machache: ncha za masikio, pua, kope, na pale kati ya jicho na sikio.

Inaanza kimyakimya. Ukingo wa sikio unakuwa mwekundu, manyoya yananyonyoka, ngozi inatoa magamba kama mba, halafu kinakuja kigaga, kinabanduka, damu kidogo, kinarudi palepale. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wote, ukisikia panakwaruza au pamejikunja piga picha na simu, wiki ijayo piga tena ulinganishe. Wengi hapo wanasema kapigana na paka wa jirani, na inawezekana kweli, au ni fangasi au utitiri, lakini kidonda cha kupigana kinapona. Kisichopona wiki 2 hadi 3 mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na tafadhali sana usimpake GV, oili chafu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Paka anajilamba mwili mzima, chochote unachompaka hesabu umemlisha. Panadol ndo kabisa usithubutu, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kumkinga kwenyewe ni kumtoa juani kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Paka haambiliki najua, kwa hiyo mpe chakula chake kabla ya saa 4 ukiwa umemfungia ndani, akishashiba atalala mwenyewe, na mtengenezee pa kulala pa juu penye kivuli maana ukimwachia bati au ukuta ndo atakapokwenda. Kioo cha dirisha kinapunguza miale ila hakiizuii yote, vuta pazia. Losheni ya jua ya wanyama muulize daktari, za watu soma kwanza lebo: yenye zinki oksaidi au salisilati usimpake, ni sumu kwake akilamba. Ukishampaka masikioni mchezee kidogo mpaka ikauke.

Ukifika kliniki, daktari atapapasa tezi za chini ya taya kuona kama imesambaa na atakata kipande kidogo cha kidonda kipelekwe maabara, ndo njia ya kujua kwa uhakika. Ya sikio ikiwahiwa ina matumaini makubwa: anapigwa nusukaputi, wanakata sehemu yenye ugonjwa pamoja na ngozi nzima kidogo pembeni yake, na wengi wanapona kabisa. Hatakuwa kiziwi, usikilizaji uko ndani, la nje linakusanya sauti tu. Pua ndo ngumu. Kidonda kikiwa kidogo cha juujuu kinaweza kugandishwa kwa nitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopoozwa sana mpaka ikawa kimiminika, kikishazama ni kukata pua au mionzi, na mionzi ya wanyama usitegemee kuikuta kliniki ya kawaida, kwa hiyo kidonda cha pua usikilalie hata siku moja. Kama hujui pa kuanzia, jaribu hospitali za wanyama za vyuo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Baada ya operesheni avae kola ya plastiki asijikune, nyuzi zinatolewa siku 10 hadi 14, na lile sikio la pili endelea kulikagua kila wiki, limepigwa na jua lilelile.