Mlo wa Kireno kwa vitu vya sokoni Dodoma

Migahawa midogo ya kifamilia ya Ureno, ile wanayoiita tasca, haitafuti fahari. Mwenye mgahawa anaangalia sokoni kuna nini, anapika supu moja na vyakula viwili vitatu, anaandika kwa mkono kwenye karatasi na kuibandika dirishani. Kikiisha, kimeisha. Chakula cha namna hiyo kinapikika Dodoma vizuri kabisa. Vitakavyokupeleka supamaketi ni mafuta ya zeituni na kopo la zeituni nyeusi tu. Hapa tunaeleza vyakula viwili vinavyoibeba meza hiyo: caldo verde, yaani supu ya viazi na majani mabichi, na bacalhau à Brás, samaki wa chumvi anayechanganywa na viazi vya kukaanga na mayai. Vipimo ni vya watu sita.

Samaki aanze mapema

Bacalhau ya Wareno ni samaki wa bahari za baridi, anayetoka sana Norway, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Kwetu anayemkaribia zaidi ni kayabo, sangara wa Ziwa Victoria aliyetiwa chumvi na kuanikwa juani. Nyama yake ni nyeupe, nene, na inabambuka vipande vipande. Waulize wauzaji wa samaki wakavu Majengo au Sabasaba. Akikosekana, nguru wa chumvi atafaa ingawa ana mafuta zaidi. Samaki wa moshi mwache: moshi utameza ladha ya mayai na vitunguu, na chakula kitakuwa kingine.

Chagua gramu 600 za kipande kinene, kikavu, cheupe au chenye rangi ya maziwa. Rangi ya njano yenye harufu ya mafuta yaliyochacha ni ishara kwamba amekaa sana. Ukiona madoa ya waridi juu ya chumvi, hao ni bakteria wanaopenda chumvi. Mrudishe.

Msuuze chumvi ya juu, mkate vipande vya ukubwa wa kiganja, mloweke kwenye maji mengi, ngozi ikiwa juu ili chumvi inayotoka izame chini bila kuzuiwa. Badilisha maji kila baada ya saa 8, kwa saa 24. Kipande kinene sana kiende hadi 36. Yote hayo yafanyike ndani ya friji, maana samaki aliyeishiwa chumvi kwenye joto la Dodoma anaharibika kama samaki mbichi. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvichumvi, loweko la mwisho litumie maji ya kunywa ya dukani. Kisha chomoa nyama kidogo katikati ya kipande kinene zaidi, ichemshe dakika mbili, onja. Ladha iwe ya chakula kilichokolea chumvi, si ya kukunja uso.

Huna friji? Usimlaze majini. Mkate vipande vyembamba, mchemshe kwa moto mdogo dakika 10, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu huku ukionja. Nyama itakakamaa kidogo, lakini hakuna atakayeumwa tumbo.

Caldo verde

Supu hii inatoka Minho, kaskazini mwa Ureno, na majani yake, couve galega, ni ndugu wa karibu sana wa sukuma wiki. Tofauti yote iko kwenye kisu. Wauza mboga wetu wanakata sukuma kwa ustadi na haraka, ila kwa supu hii mikato yao ni minene. Mwambie mapema: “Mama, usinikatie, nipe majani mazima.” Nyumbani toa uti wa katikati, panga majani sita hadi manane, yaviringishe yabane, kisha kata kwa kisu kikali nyuzi za milimita moja. Masoko ya Ureno yana mashine za kuzungusha kwa mkono kwa kazi hii peke yake, kwa hiyo usidhani unapoteza muda. Unahitaji gramu 350 za majani yaliyokwisha kukatwa.

Chemsha kilo moja ya viazi mviringo vilivyomenywa na kukatwa, vitunguu maji viwili na punje nne za vitunguu saumu katika lita mbili na robo za maji yenye chumvi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo viazi vipe dakika 25 hadi 30 hata kama maelekezo ya kigeni yanasema 20. Vikilainika, viponde humohumo mpaka supu iwe laini na nzito kiasi cha uji mwepesi. Rudisha motoni, ichemke, tia majani, acha sufuria wazi dakika tatu hadi tano. Ukifunika, asidi ya majani inashindwa kutoka na mvuke, na kijani kinageuka rangi ya kaki. Nyanya na vitunguu vya kukaanga, kama tunavyozoea kwenye sukuma, havina nafasi hapa. Malizia kwa vijiko vinne vya mafuta ya zeituni.

Wareno huweka katika kila bakuli kipande kimoja au viwili vya chouriço, soseji ya moshi yenye paprika, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe. Soseji ya ng'ombe iliyokaangwa kwa paprika na kitunguu saumu inatosha, na wageni Waislamu watakula bila wasiwasi.

Bacalhau à Brás

Kata kilo moja ya viazi vyembamba kama njiti za kiberiti. Vioshe mara mbili kuondoa wanga, la sivyo vitagandamana kwenye mafuta. Vikaushe kwa kitambaa, vikiwa na maji vitarusha mafuta na kubaki tepetepe. Kaanga kidogo kidogo, mpaka viwe rangi ya dhahabu na vilie vikivunjwa.

Samaki aliyelowekwa mwagie maji yaliyochemka, funika, subiri dakika 15. Asitokote, nyama itageuka nyuzi ngumu. Toa ngozi na miiba yote, mchambue kwa vidole. Hapa usiharakishe.

Kwenye kikaango kipana weka vijiko sita vya mafuta ya zeituni, vitunguu vinne vikubwa vilivyokatwa pete nyembamba na punje nne za saumu. Moto mdogo, dakika 15, vilainike bila kuungua. Tia samaki dakika tano, kisha viazi, geuza. Sasa piga mayai manane kwa pilipili manga, bila chumvi.

Anayejua chipsi mayai ataona amefika nyumbani, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Chipsi mayai inaachwa ishikane, hii haishikani. Mimina mayai, geuza mfululizo kwa mwiko, na yakianza kuwa mazito kama krimu, pakua. Jiko la mkaa halipunguzwi moto upesi, kwa hiyo mimina mayai kikaango kikiwa kimeshainuliwa; joto lake linatosha, na ukiona yanazubaa kirudishe sekunde chache. Kwa watoto na wajawazito yaive kabisa. Nyunyizia giligilani iliyokatwa: mapishi asilia yanatumia parsley, lakini Alentejo, kusini mwa Ureno, giligilani imejaa jikoni. Tupia zeituni nyeusi juu.

Mezani

Supu inatangulia na mkate, samaki anafuata. Mvinyo wa Dodoma uwe mkavu na wa baridi. Ule mtamu unapigana na chumvi ya samaki. Tunda ni zabibu, zikiwa msimu.

Ukienda kula Ureno kwenyewe, fika kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana na uulize prato do dia, chakula cha siku. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani kabla hujaagiza vinalipiwa ukivila. Huvitaki, sema, vitaondolewa bila kinyongo. Sahani nzima mara nyingi inashibisha wawili, kwa hiyo aliye peke yake aombe meia dose, yaani nusu sahani.

Kama unatarajia mabaki, gawa supu kabla ya kutia majani. Bila majani inakaa siku mbili kwenye friji. Samaki wa mayai asilazwe: ukimpasha moto mayai yanakakamaa na viazi vinalainika, kwa hiyo mpike wageni wakiwa wameshaketi.